Taa za breki zinapogoma: kutafuta hitilafu ya waya katika gari la zamani

Dereva haoni taa zake za breki, na kwa hiyo habari za kuharibika kwake huletwa na watu wengine: kondakta wa daladala inayofuata nyuma, askari wa usalama barabarani, au bampa la gari lililoshindwa kusimama kwa wakati. Habari hiyo ikishafika, mwenye gari kwa kawaida hununua balbu, kisha hununua swichi, na mwishowe humwachia fundi apitishe waya mpya juu ya ule wa zamani. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, nayo ni kupima kabla ya kununua chochote, tena kupima wakati ambapo taa inatakiwa iwe inawaka, kwa sababu waya mbovu huonekana mzima kabisa pale usipobeba mzigo, yaani pale usipopitisha umeme wa kuwasha taa.

Mifano mingi imechukuliwa kwenye Toyota Corolla za E100 na E110, yaani zile zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1991 na 1995, kwa kuwa bado ziko nyingi katika barabara zetu na mpangilio wake wa umeme ni mwepesi kueleweka. Mwenye gari jingine la umri huo ataona tofauti ndogo tu, nami nitazitaja pale zinapohusika.

Njia ambayo umeme hupita

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi kuu, kisha kwenye fyuzi iliyoandikwa STOP, ambayo huwa ya ampea 10 yenye rangi nyekundu au ya ampea 15 yenye rangi ya bluu, halafu hufika kwenye swichi iliyofungwa juu ya pedali ya breki. Pedali isipokanyagwa huikandamiza ncha ya swichi na umeme hukatika. Ikikanyagwa, ncha huachiwa na umeme hupita. Kutoka hapo waya mmoja huelekea nyuma chini ya zulia, pembeni mwa milango, ukifika kwenye buti hugawanyika kwenda taa ya kushoto, ya kulia, na ile ya tatu iliyo kwenye kioo cha nyuma kama gari linayo. Kila balbu hukamilisha njia yake kwa kurudisha umeme kwenye bodi, yaani ethi, ambayo katika Toyota za wakati huo ni waya mweupe wenye mstari mweusi uliofungwa kwa bolti kwenye bati.

Katika magari mengi ya Japani taa za breki huwaka hata ufunguo ukiwa mfukoni, lakini katika magari mengi ya Ulaya hazitawaka mpaka swichi ya ufunguo iwashwe, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kuanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. VW Beetle za zamani hazina swichi kwenye pedali kabisa. Swichi yake imefungwa kwenye silinda kuu ya breki na huendeshwa na msukumo wa mafuta, kiasi kwamba ikichoka hutaka breki ikanyagwe kwa nguvu ndipo taa ziwake, na wakati mwingine huvujisha mafuta hadi kwenye plagi yake.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: multimita (kipimo cha volti na omu) hata ya bei ndogo, taa ya kupimia yenye klipu, kipande cha waya chenye fyuzi katikati, msasa laini, na fimbo ya kukandamiza pedali kwa kuiegemeza kwenye kiti, ili usiwe unamwita mtoto wa jirani kila dakika aje kukanyaga breki.

Taa zote hazitoi mwanga

Kwanza iangalie taa ya tatu. Ikiwa inawaka wakati zile mbili za chini zimekufa, basi fyuzi na swichi ni nzima, na tatizo liko nyuma, baada ya mahali waya unapogawanyika. Toyota kadhaa kubwa za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo ndani ya buti kinachomwonya dereva kuwa balbu ya nyuma imeungua, na umeme wa taa za breki hupita ndani yake. Maungio ya risasi ya kulehemu yaliyomo hupasuka kwa uzee, na taa hufa ingawa hakuna waya uliokatika.

Ikiwa zote tatu zimekufa, nenda kwenye fyuzi. Usiitoe na kuiangalia kwa macho tu, kwani fyuzi inaweza kuwa nzima ilhali miguu yake ina kutu na haigusi vizuri. Iache mahali pake, funga klipu ya taa ya kupimia kwenye bati safi, na gusa vidoa viwili vya chuma vilivyo juu ya fyuzi, kimoja baada ya kingine. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi inapitisha. Ikiwaka upande mmoja tu, imeungua. Isipowaka popote, umeme haufiki hapo na kosa liko kati ya fyuzi hiyo na betri. Katika Honda nyingi fyuzi hiyo hiyo huhudumia honi, hivyo honi ikilia umeshapata nusu ya jibu bila kuinama chini ya dashibodi.

Hatua inayofuata ni swichi. Chomoa plagi yake na uunganishe nyaya zake mbili kwa kile kipande cha waya chenye fyuzi. Taa zikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Swichi yenye miguu minne ina nyaya za kazi nyingine pia, kwa hiyo tafuta kwa taa ya kupimia waya wenye umeme wakati wote, kisha waya unaokwenda nyuma, ambao katika Toyota mara nyingi ni wa kijani wenye mstari mweupe. Gari la otomatiki lina dalili ya ziada: nyingi za kuanzia miaka ya 1990 hazikubali kutoka kwenye P, yaani gia ya kuegesha, mpaka zipate taarifa ya swichi ya breki, na dereva anayelalamika kwamba gia imekwama asubuhi huenda hana shida yoyote ya gia.

Swichi inaweza pia kufa nusu. Balbu tatu za wati 21 hula karibu ampea 5 kwa pamoja, na kila breki inapokanyagwa cheche ndogo hulamba shaba iliyo ndani ya swichi. Baada ya miaka 20 shaba hiyo huwa nyeusi. Ili kuipima, rudisha plagi, kandamiza pedali kwa fimbo, weka multimita kwenye volti, na gusa waya unaoingia na waya unaotoka kwa wakati mmoja. Swichi nzima itaonyesha takribani sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, inakula umeme uliokuwa wa taa, na ibadilishwe hata kama taa bado zinawaka.

Upande mmoja tu

Hapa mara nyingi ni balbu, na njia ya haraka ni kubadilishana ya kushoto na ya kulia. Ugonjwa ukihama pamoja na balbu, kazi imekwisha.

Ukibaki palepale, kagua soketi. Balbu ya nyuma ya magari mengi ya zamani ina nyuzi mbili ndani yake, mmoja wa wati 5 kwa taa ndogo na mmoja wa wati 21 kwa breki, na vipini viwili pembeni mwa kitako chake haviko katika kimo kimoja, makusudi, ili isiingie kinyume. Nimetoa soketi zisizo na hesabu ambazo mtu alilazimisha balbu ya uzi mmoja, au aliigeuza ya nyuzi mbili kwa nguvu za bisibisi, na matokeo yake taa ndogo ikawa kali na taa ya breki hafifu. Ukiona gari ambalo taa ya nyuma inang'aa zaidi upande mmoja usiku, kisha dereva akikanyaga breki upande huo haubadiliki, umeshajua kilicho ndani kabla hujafungua.

Kagua pia kama plastiki ya soketi imeyeyuka kwa joto na kama ulimi wa shaba ulio chini bado unasukuma juu. Ulimi huo ukiwa umelala, uinue taratibu kwa ncha ya bisibisi baada ya kutoa fyuzi. Soketi iliyoyeyuka haina dawa. Inunuliwe nyingine pamoja na kipande cha waya wake, na hizo hupatikana kwa wauza vipuri vya mtumba wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Mwambie muuzaji asiukate waya karibu na soketi, maana sentimita 15 za waya mzuri zitakuokolea kazi nyingi.

Taa hafifu, au taa zinazochanganyikiwa

Dalili hizi huonekana kama uchawi. Unakanyaga breki na taa ndogo za mbele zinawaka kwa mbali, au taa za dashibodi zinaamka mchana. Unawasha indiketa ya kushoto na taa ya breki inacheza nayo. Taa zote zinawaka vizuri moja moja, lakini zikiitwa pamoja zinafifia. Watu wengi hufikiri nyaya zimegusana, na fundi asiye mwangalifu huanza kufungua fungu zima la nyaya. Kwa uzoefu wangu, karibu kila mara ni ethi.

Sababu yake ni kwamba umeme uliokwisha kupita kwenye uzi wa wati 21 lazima urudi kwenye bati, na usipoipata njia hiyo hutafuta nyingine. Ndani ya balbu ya nyuzi mbili, kitako ni kimoja. Kwa hiyo umeme hupanda kinyumenyume kwenye uzi wa wati 5, huingia kwenye waya wa taa ndogo, hufika mbele hadi kwenye taa za dashibodi, na huko hupata ethi nzima. Hakuna nyaya zilizogusana. Dalili inayofanana na hii hutokea pale uzi mmoja wa balbu unapokatika na kuangukia mwenzake, na ndiyo maana balbu zitolewe na kuangaliwa kwanza kabla ya kuilaumu ethi.

Kipimo cha uhakika ni hiki. Fimbo ikiwa imekandamiza pedali na balbu ikiwa ndani ya soketi, weka ncha moja ya multimita kwenye chuma cha kitako cha balbu na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, ukitumia waya mrefu wa kuunganishia ikibidi. Ethi nzuri itaonyesha chini ya volti 0.2. Ukiona volti 1 au 2, umempata mwizi. Ili kuthibitisha, chukua waya kutoka nguzo hasi na uguse kitako hicho. Taa ikirukia mwanga wake wa kawaida na dashibodi ikalala, hakuna haja ya ushahidi mwingine.

Hapa ndipo nisisitize ubaya wa kupima bila mzigo. Uzi wa wati 21 ukiwa wa moto una ukinzani, yaani kizuizi kwa umeme, wa karibu omu 7. Kutu kwenye bolti ya ethi ikiongeza omu 1 tu, kiasi ambacho multimita ya bei ndogo huweza kukichanganya na ukinzani wa nyaya zake yenyewe, balbu hupoteza kama volti 1.5. Mwanga wa balbu ya uzi haupungui sambamba na volti, bali hushuka kwa kasi zaidi: kupunguza volti kwa asilimia 10 huondoa takribani asilimia 30 ya mwanga, na volti 1.5 zilizopotea kati ya 12 huondoa zaidi ya theluthi. Lakini toa balbu hiyo hiyo na upime soketi ikiwa tupu, na multimita itakuonyesha volti 12 kamili, hata kama waya umebakiwa na unywele mmoja wa shaba, kwa sababu hakuna umeme unaopita wa kuufichua ubovu wake.

Kuitengeneza ni kazi ya dakika 10. Fungua bolti, kwangua bati mpaka ling'ae, safisha jicho la waya kwa msasa, rudisha bolti pamoja na washa (kipete cha chuma) yenye meno, kisha paka grisi juu yake ili hewa isiingie. Kwa magari ya Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ya chumvi haimsamehei mtu, grisi hiyo si anasa. Chunguza kwa makini zaidi gari lililowahi kugongwa nyuma na kunyooshwa, kwa kuwa bati huwekewa puti na kupigwa rangi mpya, halafu jicho la ethi hufungwa juu ya rangi. Gari hutoka gereji likimeremeta, na mwezi mmoja baadaye taa huanza kuchanganyikiwa.

Taa hazizimiki

Chomoa plagi ya swichi. Taa zikizima, shida iko kwenye pedali au swichi yenyewe. Kabla ya kununua swichi, tazama kwenye zulia la dereva kama kuna vipande vya plastiki au mpira uliovunjikavunjika. Magari mengi ya Japani yana kidonge kidogo kilichopachikwa kwenye tundu la mkono wa pedali, nacho ndicho kinachosukuma ncha ya swichi. Kikioza na kuanguka, ncha hupenya tunduni na swichi huamini kuwa breki imekanyagwa siku nzima na usiku kucha, mpaka betri iishe. Kidonge kipya ni cha bei ndogo. Bolti fupi yenye nati huziba tundu hilo vizuri pia, na sioni aibu kusema kwamba Corolla yangu ilitembea nayo miaka minne.

Kama kidonge kipo, huenda swichi imelegea mahali pake. Legeza nati yake, isogeze karibu na pedali mpaka taa zizime, kisha hakikisha pedali bado inarudi juu kabisa na kwamba taa zinawaka mara tu mguu unapoigusa. Swichi iliyokazwa mno huizuia pedali kurudi, na breki zitakuwa zinashika kidogo muda wote.

Taa zikibaki zinawaka ingawa plagi imechomolewa, umeme unaingia kutoka mahali pengine. Zima taa ndogo: zikizima pamoja nazo, rudi kwenye balbu na soketi. Vinginevyo, tafuta kazi ya mkono. Kengele za wizi zilizofungwa baadaye, vifaa vya kufuatilia gari, na taa za urembo zinazomwekamweka breki ikikanyagwa huwa zimechomekwa kwenye waya huu, mara nyingi kwa kuumenya na kuuzungushia tepu tu. Vichomoe kimoja kimoja.

Fyuzi inaungua tena na tena

Fyuzi ikiungua mara ya pili, usiweke kubwa zaidi, na kamwe usiweke waya au karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Waya wa taa za breki ni mwembamba, na usipolindwa utawaka ndani ya fungu la nyaya chini ya zulia.

Badala ya kuteketeza fyuzi moja baada ya nyingine, toa balbu zote za breki, kisha unganisha balbu ya wati 21 kwenye matundu mawili ya fyuzi. Hata waya ukiwa umegusa bati moja kwa moja, balbu hiyo haitaruhusu zaidi ya ampea 1.75 kupita, nawe unaweza kutafuta kwa utulivu. Ikiwaka kabla pedali haijakanyagwa, hitilafu iko kati ya fyuzi na swichi. Ikiwaka baada ya kukanyaga, iko kati ya swichi na taa. Kuzitoa balbu za breki ni sharti, kwani zikiwemo, balbu ya kupimia itawaka kwa nguvu hata kama hakuna kosa lolote, na utamfukuza mtu asiyekuwepo. Pedali ikiwa imekandamizwa, tikisa nyaya hatua kwa hatua kuelekea nyuma, huku ukiitazama balbu hiyo. Itakapozima au kucheza, mkono wako upo mahali pake.

Katika gari lenye mlango wa nyuma badala ya buti, anza na bomba la mpira linalopeleka nyaya kwenye mlango huo. Nyaya zilizomo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na plastiki yake hukauka na kupasuka. Niliwahi kushughulikia Corolla yenye mlango wa namna hiyo ambayo fyuzi yake iliungua kila baada ya siku mbili au tatu, na mafundi wawili walikuwa wamekwisha kubadilisha swichi. Balbu ya kupimia ilikaa giza mlango ukiwa wazi na ikawaka mlango ulipofungwa. Nilipochomoa mpira, nyaya tatu zilikuwa zimemenyeka kama maganda ya ndizi, na ule wa taa ya tatu uligusa ukingo wa bati pale tu mlango ulipofungwa. Kwa kuwa mafundi wote walifanya kazi mlango ukiwa wazi ili wazione taa, kosa liliondoka kila walipofika.

Kuunga waya ili usirudi

Kusokota nyaya mbili na kuzifunga tepu hakutoshi, kwani joto hulainisha gundi, unyevu huingia, na shaba huwa ya kijani. Unga kwa risasi ya kulehemu au kwa kiungio cha kubana kilichobanwa kwa koleo lake, kisha vika mpira unaonywea kwa joto. Mahali panapokunjwa, kama ndani ya bomba la mlango, usiweke maungio kabisa, kwa sababu risasi huufanya waya kuwa mgumu na hukatika pembeni yake. Badilisha kipande chote cha waya kutoka upande mmoja wa bawaba hadi mwingine, na uweke maungio ndani ya bodi na ndani ya mlango. Waya wa milimita mraba 1 unatosha kwa taa hizi. Nyaya kadhaa zikiungwa, maungio yasipangwe mahali pamoja, ili tepu ikilegea siku moja yasigusane.

Kazi ikiisha, washa injini, washa taa kubwa, indiketa na breki kwa pamoja, kisha pima tena volti kwenye kila balbu ya breki. Tofauti kati yake na betri isizidi nusu volti. Ziandike namba hizo kwa kalamu ndani ya kifuniko cha fyuzi, pamoja na tarehe, ili atakayefungua baada yako ajue gari lilikuwaje siku lilipokuwa zima.